Kiwanda cha samaki Naknek au loji ya Denali: ukiwa na msimu mmoja tu wa Alaska, uende wapi?

Kila ikifika Januari meseji zinaanza, "kaka we si ulishaenda Alaska, nami nataka kwenda kupiga kazi ya msimu, unanishauri wapi", na kila mwaka najibu kwa voisi ya dakika nane mpaka sauti inakauka, sasa nimeona niandike mara moja tu halafu niwe naituma hii hii.

Nimefanya misimu miwili. Wa kwanza kiwanda cha samaki Naknek, kule Bristol Bay, kusini magharibi mwa Alaska. Wa pili loji ya watalii karibu na geti la hifadhi ya Denali, katikati ya jimbo, nilianza na usafi wa vyumba nikamalizia mgahawani. Watu wanaziita zote "kazi ya msimu Alaska" kama vile ni kitu kimoja, ila aisee tofauti yake ni ile ya mpishi wa harusi na mwalikwa, wote walikuwepo kwenye shughuli, sasa waulize nani kamuona bibi harusi.

Kabla hujaanza kuchagua angalia karatasi zako, maana mara nyingi karatasi zinakuchagulia. Kama ni mwanafunzi wa chuo unaenda na J-1, viza ile ya kazi na matembezi ya majira ya joto, kiwanda cha samaki kifute kichwani. Tangu 2012 Marekani walivitoa viwanda kwenye huo mpango, na kusindika samaki kunahesabika kiwanda. Loji, hoteli, migahawa ruksa, mwisho miezi 4, na lazima uwe mwanafunzi kweli kweli wa muda wote. Viwanda vinavyochukua watu kutoka nje vinatumia viza ya H-2B, ya vibarua wa msimu, na hiyo anayeanza kuomba ni mwajiri, sio wewe, na sheria yao inakataza mwajiri au ajenti wake kukutoza hela ya kukupatia kazi. Kwa hiyo ukisikia mtu anamuahidi mwanafunzi "J-1 ya kiwanda cha samaki" na anataka kishika uchumba kwanza, jua hapo kuna mtu anapigwa. Kazi za askari wa hifadhi zenyewe, wale wenye kofia, nazo sahau kama huna uraia wa Marekani. Mwenye green card au uraia ndo anayeweza kukaa akachagua kati ya kiwanda na loji kwa raha zake, na hii nimemuandikia zaidi huyo.

Haya, tuanze na kufika, maana kufika kunakuonyesha na kutoka kutakavyokuwa.

Naknek hakuna barabara ya kukutoa nje. Unapanda ndege Anchorage mpaka King Salmon, unashuka, kuna lami ya kama kilomita 24 mpaka Naknek, halafu basi, mbele yako ni maji. Hiyo lami haiungani na barabara nyingine yoyote ya nchi. Nakumbuka kijana mmoja siku ya tatu tu aliamka akafunga begi lake akakaa nalo mlangoni kwa bosi wa bweni, anataka kwenda kwao. Bosi wala hakugomba, akamuonyesha tu mkataba, ukimaliza msimu kampuni inalipa tiketi ya kuja na ya kurudi, ukiacha katikati tiketi ni juu yako. Jamaa akakaa na begi lake kama saa nzima hivi, anaangalia mto, mwisho akalirudisha ndani. Alimaliza msimu. Sasa sijui nikwambie alikuwa jasiri au alikuwa hana nauli, pengine vyote.

Denali ni kitu kingine kabisa. Unatoka Anchorage kwa treni, kama saa nane za kukaa dirishani unaangalia misitu na mito, au unapita barabara kuu ya Parks Highway kama kilomita 380. Ukichoka na bosi unasimama pale barabarani na begi lako, jioni uko Fairbanks au Anchorage. Niliona watu watano au sita wameondoka hivyo, mmoja katikati ya shifti, aproni kaitundika kwenye mti. Kwa hiyo jipime mwenyewe kabla: we ni mtu wa kumaliza mpaka ufungiwe mlango, au ukifungiwa mlango ndo unachanganyikiwa?

Hela sasa, najua ndo ulikuja kuisoma hii.

Kwanza mambo ambayo ni sawa pande zote. Alaska hawana kodi ya mapato ya jimbo, ile ya serikali kuu inakatwa kama kawaida. Kima cha chini walikipandisha kwa kura mwaka 2024, kikawa dola 13 kwa saa kuanzia Julai 2025, Julai 2026 dola 14, Julai 2027 dola 15. Na ovataimu ya Alaska ni tamu kuliko ya sehemu nyingi kwa sababu inaanza kuhesabika ukizidi saa 8 kwa siku, sio mpaka usubiri uvuke 40 za wiki.

Sasa hiyo saa 8 ndo inayokigeuza kiwanda kuwa kiwanda. Samaki wakija tunapiga saa 16, siku 7, hakuna cha Jumapili. Chukua dola 13 hiyo hiyo ya chini kabisa: saa 112 kwa wiki, 40 za kawaida, 72 za moja na nusu, ni sawa na kulipwa saa 148, dola 1,924 kwa wiki moja kabla ya makato. Na sehemu kubwa ya viwanda kule kitanda na chakula ni bure au makato yake ni madogo, na hakuna pa kutumia hela, yaani hata ukitaka kuwa mjinga hupati nafasi.

Ila usipige hesabu ya 1,924 mara wiki zote, hapa ndo wengi wanajidanganya. Sokai, yule samoni mwekundu wa Bristol Bay, haji kwa ratiba yako. Anakuja kwa wingi wiki chache tu, kilele chake huwa karibu na tarehe 4 Julai, kabla ya hapo unasubiri na baada ya hapo unamalizia. Kuna mamlaka ya uvuvi ya jimbo, watu wao wanakaa kwenye minara kando ya mito wanahesabu samaki wanaopanda kwenda kutaga, wakiona waliopita hawatoshi wanafunga uvuvi, mashua zinasimama, na wewe uliyekuja kutafuta hela unakaa bwenini unacheza karata. Kwa hiyo hesabu ya kweli ya wiki sita iko hivi: wiki tatu za moto, dola 5,772, na wiki tatu za kusuasua tuseme saa 50 kila wiki, dola 2,145. Jumla kama 7,900 kabla ya kodi. Wiki sita. Mwaka 2022 waliingia samaki milioni 79 kwenye ile ghuba, rekodi, wakavuliwa milioni 60, waliokuwepo mwaka huo bado wanatamba mpaka leo, ila mwaka mwingine mambo yanakuwa mepesi, ndo uvuvi.

Loji hesabu yake ni ya kinyonga. Saa 40 kwa wiki, dola 13, wiki 16 kuanzia katikati ya Mei mpaka mwanzoni mwa Septemba, inakuja 8,320. Mimi nilikuwa nakatwa dola 14 kwa siku za kitanda na chakula, kwa siku 112 hiyo ni 1,568 imeondoka, unabaki na kama 6,750 kabla ya kodi. Kidogo kuliko kiwanda na umekaa karibu mara tatu ya muda. Lakini ngoja, kuna tipu. Na Alaska tipu ni ya kwako juu ya mshahara, mwajiri haruhusiwi kuihesabu kama sehemu ya kima cha chini, majimbo mengi kule Marekani yanaruhusu huo mchezo. Nilivyokuwa vyumbani tipu ilikuwa dola mbili tatu kwenye mto wa kulalia na barua ya asante. Nilivyohamia mgahawani mwezi Julai, kuna usiku nilirudi na dola 140 mfukoni. Kwa hiyo ukienda loji, pigania mgahawa au baa au kubeba mizigo, kusafisha vyumba ni kazi ya heshima ila hela iko mezani.

Na tatizo la hela ya loji ni kwamba inarudi pale pale. Kuna baa, kuna piza, kuna vijana wenzako kila jioni "twende bana moja tu". Ile strip ya mahoteli pale nje ya geti wenyewe wameipa jina la utani Glitter Gulch, yaani korongo la kumetameta, na haikuitwa hivyo kwa sababu ya dhahabu. Kiwandani nilitoka na karibu kila senti niliyolipwa. Lojini sitaki hata kusema.

Kazi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo maana hakuna anayekuelezaga.

Kiwandani wageni wengi wanaanzia kwenye laini ya kusafisha, inaitwa slaimu laini, mstari wa ute, na jina halidanganyi. Samaki anatoka kwenye mashine kichwa hakuna, tumbo limepasuliwa, anakuja kwako kwenye mkanda. Una kisu ambacho upande mmoja ni kijiko. Unaingiza kijiko ndani unakwangua ule utepe wa damu nyeusi ulioganda kando ya uti wa mgongo, unatoa kilichobaki, unasuuza, unasukuma, mwingine huyo. Maji ni ya baridi ile ya kuuma, miguuni umevaa buti za raba, XtraTuf, kila mtu Alaska anazo mpaka wanavaa kanisani, juu umevaa koti la mvua na aproni na glavu mbili mbili, na bado maji yanapata njia ya kuingia kwenye kiwiko. Masikio yamezibwa sababu ya kelele. Unakuwa na kichwa chako tu. Saa ya tatu unafikiria maisha yako, saa ya saba umeshayamaliza kuyafikiria, saa ya kumi na mbili unaimba.

Wiki ya pili vidole vyangu vilikuwa vinaamka vimejikunja kama vimeshika kisu, havifunguki. Unakaa na bakuli la maji ya moto dakika kumi unavinyoosha kimoja kimoja kama unamfungua mtoto ngumi. Jirani yangu kwenye laini alikuwa mama mmoja aliyehamia Marekani kutoka Bukavu, msimu wake wa tano ule, siku ya kwanza nilimsikia anajisemea Kiswahili karibu nilie. Nikamwambia shikamoo mama, akageuka akacheka, "marahaba mwanangu, nawe umeletwa na nini huku?" Ndo aliyeniambia, "mwanangu unakibana kisu kama anataka kukunyang'anya mtu, kilegeze, acha samaki afanye kazi." Nilidhani ni maneno tu ya wazee. Nikalegeza, siku tatu baadaye mkono ukaanza kurudi. Kama unaenda kiwandani na hukumbuki kingine chochote kwenye haya maneno yangu, kumbuka kukilegeza kisu.

Kinachokuokoa ni mapumziko, wanaiita magi-apu, dakika kumi na tano, kahawa na kitu kitamu, na nakwambia sijawahi kuona watu wazima wanakimbilia keki vile. Kuna sehemu afadhali pia: chumba cha mayai, ambako mayai ya samoni yanapangwa na kutiwa chumvi, mengi yanaenda Japani, hapo ni pasafi na mikono haiumii hivyo, ila wanapendelea walioshawahi. Friza ni baridi na mizigo mizito lakini muda unakimbia. Ukiulizwa unataka wapi, usiseme "popote", popote ni slaimu laini.

Loji kazi ni nyepesi kwa mwili na nzito usoni. Vyumba kumi na nne kumi na sita kwa siku, wageni wengi wamekuja kwa treni kutoka kwenye zile meli kubwa za watalii, mabegi yao yanatakiwa nje saa kumi na moja alfajiri, saa tano wengine wanaingia. Mgongo unauma, sawa, ila kinachochosha ni tabasamu. Siku nzima unaulizwa mlima utaonekana saa ngapi. Bibi mmoja, mpole sana, aliniuliza kama tunauzima usiku. Mlima wa mita 6,190 na wageni wengi wanaondoka hawajauona kwa sababu ya mawingu, na kwa namna fulani kosa ni lako wewe mwenye beji yenye jina. Tena siku hizi kuna na ule ubishi wa jina, 2025 serikali kuu iliurudisha kuitwa McKinley, hifadhi ikabaki Denali, na kila mgeni ana maoni yake anataka akupe wewe ukiwa umebeba mashuka. We sema "mlima" tu, utaishi.

Bosi wangu mmoja wa pale, simtaji wala loji siitaji, alikuwa na tabia ya kubadilisha ratiba usiku wa manane, unaamka asubuhi siku yako ya mapumziko imehamishwa. Nilikuwa nimepata nafasi kwenye basi la hifadhi, nikaikosa. Kiwandani hakuna mchezo huo kwa sababu hakuna siku ya mapumziko ya kuhamisha.

Ambayo inanileta kwenye pori. Maana usiniambie unaenda Alaska kwa ajili ya hela tu, hela ipo hata Ohio.

Naknek uko katikati ya pori na hulioni. Hiyo ndo kejeli yake. Kutoka King Salmon ukiruka kama maili 30 kwa ndege ya kutua majini unafika Brooks, ndani ya hifadhi ya Katmai, pale ambapo Julai dubu wa kahawia wanasimama juu ya maporomoko wanadaka samoni kwa mdomo. Samoni wale wale tuliokuwa tunawasafisha sisi, tofauti dubu walikuwa na muda wa kulala. Sikwenda. Hakuna niliyemjua kiwandani aliyekwenda. Nilichokiona mimi ni mto, maji yakitoka mashua zinakaa kwenye tope kama viatu vilivyoachwa nje ya mlango, mamia ya mashua za futi 32 maana sheria ya pale haziruhusiwi kuzidi urefu huo, shakwe maelfu, na tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, tambarare mpaka macho yanachoka. Usiku mmoja uvuvi ulifungwa tukatoka kutembea saa sita usiku, kuna mwanga kama wa magharibi hivi, upepo, harufu ya chumvi, hakuna anayeongea. Ilikuwa nzuri sana. Dakika arobaini, halafu tukarudi kulala kwa sababu samaki walikuwa wanakuja.

Denali unapata siku mbili kwa wiki na ekari milioni 6 za kuzitumia. Barabara ya ndani ni moja tu, maili 92, gari binafsi mwisho maili 15 pale Savage River, mbele ya hapo ni mabasi ya hifadhi. Ujue tu kwamba tangu Agosti 2021 maporomoko ya ardhi ya Pretty Rocks yaliikata hiyo barabara karibu na nusu, mabasi yakawa yanageuzia maili 43, wakaanza kujenga daraja, kwa hiyo kabla hujaenda angalia hali ya mwaka wako. Lakini hata hizo 43 zinatosha kukunyamazisha. Na ndani huko njia za kutembea ni chache mno, unashuka kwenye basi popote unapopenda unaingia tundrani unatembea unakotaka, hakuna kibao. Mara ya kwanza nilishuka nikasimama nikawa sijui niende wapi, maana maisha yangu yote nimezoea kuelekezwa. Tundra kwa mbali ni zulia, ukiikanyaga ni godoro lililolowa, kilomita moja inakula saa nzima. Nikakaa chini kula mkate wangu, karibuu wanne wakapita chini yangu kwenye korongo, wale wenye pembe ndefu, na mpaka leo nacheka kwamba mnyama wa porini jina lake linanikaribisha.

Kutoka lojini kuna kampuni za kuteremka mto Nenana kwa boti za mpira na za ndege ndogo, na mfanyakazi wa msimu akiomba kistaarabu siku nafasi hazijajaa mara nyingi anapelekwa kwa bei ya bure au bure kabisa. Usione aibu kuomba. Mlima Healy unaupanda kwa miguu ukitoka shifti ya asubuhi unarudi saa tano usiku na bado kweupe, mwezi Juni kuna zaidi ya saa 20 za jua pale.

Hiyo nuru lakini inatafuna watu. Lojini wenzangu walikuwa hawalali, kila usiku ni kama saa kumi jioni, unajiambia bado mapema mpaka unakuta ni saa nane usiku na kazi ni saa kumi na mbili asubuhi. Beba kitambaa cha macho. Kiwandani nuru haikuhusu, ukigusa godoro umekufa.

Mbu haraka haraka: wapo pande zote, mwisho wa Juni na Julai ndo wanatawala, Denali wengi zaidi kwa sababu Naknek upepo unawapeperusha. Nunua chandarua cha kichwa, ni dola chache, acha kiburi. Dubu: Denali sheria ni ukae mita 275 mbali naye, ile dawa ya pilipili ya kupuliza hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria hata kwenye begi la chini, unanunua ukishafika. Mimi dubu aliniogopesha kidogo kuliko muusi, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe wa ghorofa, akiwa na ndama anakukimbiza bila maelezo. Tulikuwa naye mmoja nyuma ya bweni Juni nzima, tukawa tunapitia jikoni kwenda kulala.

Watu. Kiwandani kuna mtoto wa miaka 19 na mzee wa 60 kwenye mkanda mmoja, Wafilipino, Wamexico, Wasomali, Waukraine, mtu anasomesha watoto watatu kwa hivyo vidole vyake. Mnaongea kidogo, mnajuana sana. Lojini wengi ni vijana wa chuo, mapenzi yanaanza Mei yanavunjika Julai, kelele, magitaa, marafiki ambao bado naongea nao. Ukiwa umeshavuka miaka thelathini na kitu na unapenda kulala mapema, uliza kabla kama wana bweni la kimya, mahali pengine lipo.

Kuna na njia ya tatu watu wanaiulizia, kwenda kuvua wenyewe kwenye mashua au nyavu za ufukweni. Unakata leseni ya baharia, unalipwa fungu la mavuno badala ya saa, na kima cha chini hakikuhusu. Mwaka mzuri unamcheka wa kiwandani, mwaka mbaya unarudi na hadithi. Kama humjui nahodha wala anayemjua, mimi nisingeanzia hapo.

Kwa hiyo nakwambiaje. Una deni, au ada ya mtu, au kiwanja unataka kumalizia, na mikono na mgongo wako ni mizima: Naknek, usifikirie mara mbili, tuma maombi mapema mwaka, nenda, legeza kisu, rudi. Lakini usiende ukidhani utaiona Alaska, utaisikia inapita nje. Mwenye shida ya kiganja au kifundo cha mkono asiende kabisa, msimu wa wiki sita unaweza kukuachia maumivu ya miaka. Na kama kinachokusumbua sio hela, kama ni ile hamu tu ya kwenda mahali ambapo mtu hajapanga mawe, basi loji, na kubali kabisa tangu mwanzo kwamba utarudi na hela ya kawaida. Niliowaona wakiumia zaidi ni wale waliokwenda loji kutafuta mtaji na waliokwenda kiwandani kutafuta pori.

Na kuna ujanja ambao mimi niliujua nimechelewa. Viwanda vya Bristol Bay vinamaliza mwisho wa Julai. Loji za Denali mwezi Agosti wanafunzi wanaanza kuondoka kurudi vyuoni, mameneja wanahangaika kutafuta watu wa kumalizia msimu mpaka Septemba. Agosti mbu wamepungua, mwisho wa mwezi tundra nzima inageuka nyekundu, giza linarudi na ile mianga ya kaskazini, ya rangi rangi angani usiku, inaanza kuonekana, kitu ambacho Juni hukioni hata ukeshe maana hakuna usiku. Andika barua pepe kwa loji tangu Machi, waambie wazi niko kiwandani mpaka tarehe fulani, kuanzia Agosti mosi ni wenu. Tulimpokea dada mmoja hivyo hivyo, kaja na hela yake yote ya Naknek benki, akalala siku mbili mfululizo, siku ya tatu akapanda basi la kwanza asubuhi na mlima ukamtokea wote, hauna wingu hata moja, sisi tuliokuwa pale tangu Mei tulikuwa tumeuona mara nne.

Ila wewe koti la mvua la kiwandani liache huko huko Naknek. Yeye alikuja nalo, na bweni zima tulijua katokea wapi kabla hajasema jina.